Papai bichi usiku kucha, halafu mteja anaambiwa "hujazoea nyama laini"!

Kijiti Kitupu (mtoa mada):
Wakuu, mnamjua. Yule wa mishkaki, redio yake kubwa kuliko jiko. Jina silitaji, moshi unamtosha.

Leo jioni kanyanyua mshikaki, nyama yote ikabaki kwenye wavu, mkononi kashika kijiti. Kijiti kitupu! Kuulizwa, anajibu: "Bosi, hujazoea nyama laini." Laini ipi? Ule ni uji, kibogoyo angeunywa kwa mrija!

Papai bichi halilazwi na nyama usiku kucha. Utomvu wake una papaini, inakatakata protini na haijui kuacha. Kilo moja ya nyama, vipande vya sentimita 2 au 3, inataka papai la kukuna kijiko kimoja cha chakula, saa moja, basi. Hiyo ni nyama ngumu, ya paja au ya bega. Steki usiitie kabisa. Ukiilaza mpaka asubuhi, juu inakuwa rojo na ndani imekaza vilevile, kwa sababu papai linakula kuanzia nje. Na motoni ndiyo linachachamaa, kwenye nyuzi 60 hadi 70 huko, ndiyo maana nyama inaachia kijiti ikiwa jikoni.

Kijiti kitupu, wakuu. Halafu "hujazoea"!

Chumvi Tupu:
Nyinyi na papai lenu. Huku Nairobi mbuzi anataka chumvi, moto wa makaa usio na ndimi, na kachumbari pembeni. Nyama nzuri haiombi msaada wa matunda.

Mzee wa Makaa:
Mbuzi mzee je, mkuu? Utamtafuna mpaka Krismasi.
Mtoa mada, hiyo rojo uliilipia? Kama ulilipa, jamaa kashinda.

Kijiti Kitupu:
Nililipa kijiti! KIJITI!

Brashi Moja:
Hilo la papai ni dogo. Huyohuyo ana brashi moja. Anaichovya kwenye beseni lililolaza nyama mbichi, anapaka iliyoiva, anakupa. Rojo la nyama mbichi lichemshwe litokote vizuri kwanza, au utenge bakuli la kupakia kabla nyama haijaingia. Tena sosi yake ya nyanya ina sukari na anaimwaga tangu mwanzo. Sukari inaungua haraka, nje mkaa, ndani damu. Sosi tamu hupakwa dakika 5 za mwisho.

Bibie Ukwaju:
Mnalilia papai, ukwaju umeuawa mjini hamsemi! Siku hizi unapewa siki, rangi na unga wa mahindi, unanata kama gundi ya bahasha. Ukwaju gramu 200, maji ya moto vikombe 2, uache dakika 20, ufikiche kwa mkono, uchuje kokwa na nyuzi. Ubandike na chumvi, pilipili mbichi ya kusaga na sukari kidogo, moto mdogo mpaka ushike mgongo wa kijiko. Unga wa nini?

Mzee wa Makaa:
Dada, hapo umesema. Ila usipikie kwenye sufuria ya alumini, ukali unaila na sosi inaonja bati.

Chumvi Tupu:
Na wanaolaza samaki kwenye ndimu kwa saa 4? Dakika 15 zinatosha. Ikizidi, minofu inageuka nyeupe kabla haijaona moto, ukichoma inakauka na kumeguka. Kuku mlaze kwenye maziwa mala, hayo hata usiku kucha hayamharibu.

Kijiti Kitupu:
Jamani, turudi kwenye mada. Nyama kwenye wavu, kijiti mkononi, "hujazoea nyama laini"!

Brashi Moja:
Bibie Ukwaju, badala ya sukari nikitia tende?

Bibie Ukwaju:
Tia 4, toa kokwa, zichemke humo humo kabla ya kuchuja. Pilipili iwe mbuzi, si ya unga.