Kodi ya mauzo ya gari Marekani: kumwachia dila (muuza magari) gari la zamani au kuuza mwenyewe?

Mwanaisha_HTX
Wakuu, salaam. Naomba tulinganishe kwa hesabu. Gari linalotakiwa kwa dila ni dola 24,000. Dila anachukua gari la zamani kwa dola 9,000 kama sehemu ya malipo. Mnunuzi wa pembeni anafika 9,800. Kodi inaingiaje hapo, na njia ipi inalipa? Hii ni Texas, ila walio majimbo mengine nao waweke hesabu zao, maana watu humu wanahamahama.

Mhasibu_Mtaa
Dada Mwanaisha, Texas kodi ya mauzo ya gari ni 6.25%, na mji au kaunti haiongezi kitu juu yake. Ukimwachia dila gari la zamani, thamani yake inatolewa kwanza: 24,000 toa 9,000 inabaki 15,000, kodi dola 937.50. Ukiuza mwenyewe, kodi inakatwa kwenye 24,000 nzima, yaani dola 1,500. Tofauti ni dola 562.50.

Maana yake mnunuzi wa pembeni lazima apite 9,562.50 ndipo uanze kupata kitu. Kwa 9,800 unabaki na dola 237.50, hapo hujahesabu muda wa matangazo, watu wa kuja kujaribu gari na hatari ya hundi feki. Kwa namba hizo mwachie dila. Akitokea mtu wa 10,500, uza mwenyewe.

Tahadhari moja: dila anaweza kukupandishia bei ya gari lako huku akipandisha na la kwake. Dai bei ya gari lake kwa maandishi kabla hujataja kwamba una gari la kuacha.

Fundi_Columbus
Ohio ni tofauti, na hapa wengi hukwama. Thamani ya gari unaloacha inapunguza kodi pale tu unaponunua gari JIPYA kwa dila wa magari mapya. Likiwa limetumika, unatozwa bei yote. Kiwango kinafuata kaunti unayoishi wewe mnunuzi. Tuseme ni 7%. Kwa namba za dada, jipya kodi ni 1,050, lililotumika ni 1,680. Usigombane na dila, ndivyo sheria ya jimbo ilivyo.

Ukiuza mwenyewe Ohio, usisaini hati ya umiliki ukiwa nyumbani. Saini ya muuzaji inawekwa mbele ya notari (ofisa anayeshuhudia saini), na kabla ya hapo jina la mnunuzi, bei na maili viwe vimejazwa. Ukishasaini peke yako umeiharibu, itabidi uombe nyingine.

Baharia_LA
California hakuna punguzo hilo kabisa, kwa jipya wala lililotumika. Kiwango cha chini ni 7.25%, juu yake zinaongezwa kodi za wilaya kulingana na mahali gari linaposajiliwa. Kwa 24,000 ni dola 1,740 kwa uchache, uache gari au usiache. Kwa hiyo huku kila dola utakayopata nje juu ya zile 9,000 ni yako. Punguzo analotoa dila mwenyewe linashusha kodi; fedha anazorudisha mtengenezaji wa gari hazishushi.

Na wale wa "nenda ukanunue Oregon hakuna kodi": kodi inafuata unaposajili, si uliponunua. Ukilileta gari California ndani ya miezi 12, jimbo linachukulia ulilinunua kwa ajili ya kulitumia huku, na unalipa ukienda kusajili.

Mwanaisha_HTX
Ahsanteni sana. Na ukinunua kwa mtu binafsi Texas? Kuna wanaoshauri kuandika bei ndogo kwenye fomu.

Mhasibu_Mtaa
Wasikudanganye. Kudanganya bei ni kosa la jinai, halafu hakukusaidii. Jimbo lina thamani yake ya kukadiria kwa kila gari, na kodi inakatwa kwenye bei uliyolipa au 80% ya thamani hiyo, ile iliyo kubwa. Umenunua kwa 5,000, jimbo linasema 8,000: 80% ni 6,400, kodi dola 400 badala ya 312.50.

Kama bei ni ndogo kwa sababu gari ni bovu kweli, dila mwenye leseni au mkadiriaji wa bima anaweza kulithaminisha ndani ya siku 20 za kazi tangu ununue. Dila anatoza dola 100 hadi 300, kwa hiyo kwenye mfano huo wa kuokoa 87.50 unapata hasara. Lakini gari la thamani ya 16,000 lenye giaboksi iliyokufa, ulilonunua 6,000, kodi inashuka kutoka 800 hadi 375. Hapo lithaminishe haraka.

Fomu ya kuhamisha umiliki ni 130-U, unaipeleka ofisi ya kodi ya kaunti ndani ya siku 30 tangu ununue. Ukichelewa hadi siku 30 faini ni 5% ya kodi, zaidi ya hapo 10%, na kuna faini ya kuchelewa kuhamisha umiliki dola 25 kwa kila siku 30, mwisho dola 250.

Swahiba_Dallas
Niongeze la zawadi, maana sisi neno "ndugu" tunalitanua. Gari la zawadi Texas kodi ni dola 10 tu, ila kwa mke au mume, mzazi (hata wa kambo), mtoto, babu, bibi, mjukuu, kaka, dada, shemeji na wakwe. Mjomba, shangazi, binamu na mpwa HAWAMO. Rafiki ndiyo kabisa. Fomu ni 14-317, mnasaini wote wawili mbele ya notari, na mmoja wenu anaipeleka mwenyewe kaunti na kitambulisho. Mpokeaji akichukua na mkopo uliobaki, si zawadi tena, kodi kamili.

Fundi_Columbus
Na muuzaji wa Texas anayemuuzia mtu binafsi asisahau: ng'oa vibao vyako vya namba, na upeleke taarifa ya kuuza gari kwa idara ya magari ya jimbo ndani ya siku 30. Mnunuzi asiposajili, bili za barabara za kulipia na tiketi za maegesho zinamfuata aliyeandikwa kwenye kumbukumbu.