Eti "kapige picha ubaki nayo"! Huyu jamaa wa vikao vya ardhi amevuka mpaka

Boriti ya Kale (mleta uzi):

Wakuu, nimetoka kikaoni sasa hivi, hata viatu sijavua. Vidole vinatetemeka, mkiona herufi zimepandana mjue ni hasira.

Simtaji. Mnamjua. Yule anayevaa helmeti hadi ukumbini kama vile dari lina kisasi naye. Yule wa tochi nyekundu ya kumulikia ramani. Huyohuyo.

Kikao kilikuwa cha kubadilisha matumizi ya ardhi, kutoka makazi kwenda biashara. Tangazo lake lilibandikwa mahali ambapo hata mjusi hapiti, kwa maandishi ambayo sisimizi angeomba miwani. Tukaenda hivyohivyo. Nikanyoosha mkono, nikauliza swali moja tu: ile nyumba ya kona, yenye ngazi za mbao na kuta za chokaa nene kama godoro, ipo kwenye orodha ya majengo yanayolindwa. Mbona kwenye ramani mpya imepakwa rangi ileile ya ghorofa kumi na mbili?

Jamaa akanimulika na tochi yake kifuani. Akatabasamu. Akasema: "Mama, kapige picha ubaki nayo."

Ukumbi ukacheka. Hadi mwandika kumbukumbu akaweka kalamu chini ili acheke vizuri.

KAPIGE PICHA UBAKI NAYO! Nyumba iliyosimama zaidi ya miaka mia moja, imewazika mafundi wake na watoto wa mafundi wake, leo iingie kwenye simu yangu ikae na picha za harusi!

Hawa watu hawaanzi na tingatinga, wanaanza na rangi kwenye ramani. Nyumba ya ghorofa mbili kwenye ardhi inayoruhusu ghorofa mbili haimkeri mtu. Ardhi hiyo ikiruhusiwa kumi na mbili, asubuhi yake nyumba inaitwa "hasara". Mara mabati mawili yanang'olewa. Mvua inanyesha ndani msimu mzima, boriti zinaoza, kisha anakuja mhandisi na barua kwamba jengo ni hatari kwa wapita njia. Nani alilifanya hatari? Hapo wote mabubu.

New York walianza kuibomoa stesheni ya Penn mwaka 1963. Sheria ya kulinda majengo ya kihistoria wakaipata 1965, imekuja matangani. Walikosa picha? Picha za stesheni ile zimejaa duniani! Hakuna abiria aliyewahi kusubiri treni ndani ya picha.

Na alivyotabasamu sasa. Meno yote nje. "Ubaki nayo."

Kigoda cha Nyuma:
Nimewahi siti ya mbele.

Chuma Chakavu:
Uzi bila picha haunogi. Weka picha ya hiyo nyumba tuone kama inastahili kelele zote hizi.

Boriti ya Kale:
@Chuma Chakavu, na wewe?! Nimekimbia kule nikajua humu nitapata watu!

Chokaa Mbichi:
Mleta uzi usiwajibu hao. Mimi ni fundi wa majengo ya zamani, naongezea mbinu nyingine. Wanapiga plasta ya saruji juu ya ukuta wa chokaa, wanaita ukarabati. Chokaa inapumua, saruji haipumui. Unyevu unanasa ndani, ukuta unavimba, plasta inabanduka na nyama ya ukuta. Halafu anakuja mwenye helmeti anasema jengo limezeeka. Halijazeeka, limezibwa pua!

Ghorofa ya Tisa:
Mama, punguza presha. Watu wanazaliwa kila siku, wataishi wapi? Kwenye kumbukumbu zako? Kona moja isizuie mji mzima.

Boriti ya Kale:
Umesoma lakini? Matumizi yanayoombwa ni BIASHARA. Hakuna hata kitanda kimoja kwenye ule mchoro. Na kama shida ni ghorofa, njia ipo: mwenye jengo la kale anauza haki yake ya kujenga juu, inahamia kiwanja kingine, jengo linabaki na yeye anapata chake. New York hiyohiyo wanafanya. Wenye stesheni ya Grand Central walitaka kuipandishia mnara kichwani, wakakataliwa, wakapeleka kesi hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, mwaka 1978 wakashindwa. Stesheni ipo mpaka leo, watu wanapanda treni. Haya ndiyo niliyotaka kuyasema kikaoni! Nikaishia kumulikwa kifua kama mwizi wa kuku!

Mchungulia Dirisha:
Kwani ulitaka akupigie yeye hiyo picha? 😂

Zamu ya Usiku:
London kuna baa inaitwa Carlton Tavern. Mwaka 2015 wamiliki wake waliibomoa bila kibali, wakati inafikiriwa kuingizwa kwenye orodha ya ulinzi. Wakaamriwa waijenge upya kama ilivyokuwa. Ikafunguliwa tena 2021. Iliwezekana kwa sababu jengo lilikuwa limeshapimwa na kupigwa picha kabla.

Mchungulia Dirisha:
KUMBE PICHA ZILISAIDIA! Mama, jamaa alikuwa anakupa ushauri wa bure.

Boriti ya Kale:
Hakuwa ananishauri! Alikuwa ananifukuza! Pale kulikuwa na mamlaka yenye meno ya kumwambia mvunjaji "rudisha". Hapa mwenye mamlaka ndiye kashika tochi!

Darubini:
Wenye meno nao wana mipaka. Dresden, Ujerumani, waling'ang'ania kujenga daraja jipya, UNESCO ikawafuta kwenye orodha ya urithi wa dunia 2009. Liverpool, Uingereza, nao wakafutwa 2021, kwa sababu ya majengo mapya ya ufukweni. Daraja la Dresden likajengwa. Kufutwa hakuzuii zege.

Mjukuu wa Mwisho:
Samahani, wenzangu mnaolilia nyumba za watu. Mimi ndiyo nimerithi moja. Ipo kwenye orodha yenu. Kubadilisha dirisha moja lililooza nimeandika barua nne. Wakaniambia mbao iwe ya aina ileile na fundi awe wa aina ileile. Pesa ya aina ileile mbona hamniletei? Paa linavuja kitandani kwangu nyie mnakuja kupiga picha nje mnasema "jamani pazuri". Siku mkipitisha mchango mniite.

Chokaa Mbichi:
@Mjukuu wa Mwisho, hilo nakubali. Kulilinda jengo mwenye jengo akafa njaa si ulinzi. Njoo faragha nikuangalilie hilo paa.

Mlalahoi Namba Moja:
Nyie mna bahati mnagombania nyumba iliyopo kwenye ramani. Mimi faili langu la kiwanja limepotea masijala tangu niwe na nywele. Kila nikienda naambiwa "njoo keshokutwa".

Ghorofa ya Tisa:
Faili halipotei, linapumzika. Langu lilipatikana juu ya kabati, limebebeshwa kopo la rangi.

Kigoda cha Nyuma:
Heri faili. Jirani yangu amehamisha bikoni ya mpaka usiku. Nimeamka choo changu kipo kwake.

Mlalahoi Namba Moja:
@Kigoda cha Nyuma, bikoni ya zege ameihamishaje peke yake?

Kigoda cha Nyuma:
Si peke yake. Na shemeji yake. Mbwa wangu aliwaona, hakubweka.

Boriti ya Kale:
Wakuu, turudi kwenye mada. Alisema "kapige picha". Mbele ya watu wote.

Mlalahoi Namba Moja:
Huyo mbwa ni wa aina gani?