Mjadala: Viwanja vya mikoani viendeshwe na mamlaka ya umma?

Wadau, naomba tuijadili hii bila ushabiki wa vyama.

Kirumba ya Mwanza, Sokoine ya Mbeya, Jamhuri ya Morogoro, Ali Hassan Mwinyi ya Tabora: vyote ni mali ya CCM. Viwanja vingi vya aina hii vilijengwa enzi za chama kimoja, wananchi wakichangia fedha na nguvu kazi. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, viwanja vikabaki kwa chama. Tangu hapo tunabishana ni vya nani huku nyasi zikikauka. Uwanja ukifungiwa kwa ubovu wa eneo la kuchezea, timu inahamia mkoa mwingine, na mama lishe pamoja na bodaboda wa pale wanapoteza siku ya mechi. Hilo linaniuma kuliko hati ya kiwanja.

Hoja yangu: Bunge litunge sheria ya mamlaka ya viwanja. Mwenye mali abaki na mali yake, lakini uendeshaji uende kwa mamlaka kwa mkataba wa muda mrefu, na sehemu ya mapato ya mlangoni isiguswe ila kwa matengenezo. BMT (Baraza la Michezo la Taifa) tunayo tangu sheria ya 1967, ila kazi yake kubwa ni kusimamia vyama vya michezo.

MCHANGIAJI, MOROGORO: Mkuu, mamlaka mpya ni bodi mpya, magari na posho. Illinois kule Marekani waliunda yao kwa sheria mwaka 1987, ikawajengea White Sox, timu ya besiboli, uwanja Chicago. Baadaye ikakopa kukarabati uwanja mwingine wa huko, Soldier Field, na kodi ya hoteli inayolipa deni isipotosha, pengo linazibwa na fedha za Jiji. Hapa kwetu Azam wamejenga uwanja wa Chamazi, Dar es Salaam, kwa fedha zao. Waachiwe wenye mitaji.

MTOA HOJA: Ndugu yangu, mwenye mtaji ataitaka Mwanza. Tabora nani ataiendea? Kuhusu Chicago umenigusa: sheria yetu ipige marufuku mamlaka kukopa kwa dhamana ya halmashauri, na hesabu zake zikaguliwe na CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) kila mwaka. Posho nazo ziwekewe kikomo humo humo kwenye sheria.

Kinachonisumbua ni kimoja: CCM ikikataa kusaini mkataba, Bunge lina njia gani halali ya kuibana bila kuingia kwenye utaifishaji na fidia? Wanasheria, tusaidieni hapo.