Nina chama changu, na napewa dawati la siasa. Nishauriwe

Mwana Katuba: Jambo wakubwa kwa wadogo. Niko kwenye redio moja hapa Lubumbashi. Mhariri mkuu anataka nishike dawati la siasa kuanzia Jumatatu. Kila mtu ana maoni yake, na mimi ninayo. Je, mwenye maoni anaweza kutoa habari za haki? Usingizi umenipotea.

Mama Kamalondo: Mwanangu, maoni si tatizo, tatizo ni coupage, yaani pesa anayopewa mwandishi na wale anaowatangaza. Ukishapokea bahasha ya "usafiri" mlangoni, habari imeandikwa kabla hujashika kalamu.

Yaya Ruashi: Kwanza, redio ni ya nani? Niliwahi kumtumikia mwenye redio aliyegombea mwaka 2023. Jina la mpinzani wake halikutajwa hewani mpaka kura zikapigwa. Hakuna aliyetuuliza maoni yetu.

Fundi Mitambo: Kijana, kuna kitu unakificha. Maoni matupu hayamnyimi mtu usingizi.

Mwana Katuba: Haya. Nina kadi ya chama, tena ni katibu wa chama mtaani kwetu. Lakini sijawahi kutangaza uongo! Wakubwa wa chama wananipa habari mapema, redio inafaidika. Mhariri nimeshamkubalia.

Fundi Mitambo: Mimi kazi yangu ni kukata sauti studioni. Uongo hauhitajiki. Mkutano wa huyu unaachiwa makofi mpaka yaishe, wa yule unakatwa pale anapokohoa. Huyu anasikika kwa sauti yake, yule anasimuliwa na hasimu wake. Kila neno ni la kweli, na msikilizaji wa Kampemba analala akiamini ni mmoja tu mwenye watu.

Mzee Likasi: Mnamwonea mtoto. Juni 2025 CSAC, baraza linalosimamia vyombo vya habari nchini, ilikataza vyombo vya habari kutangaza shughuli za rais wa zamani Kabila na chama chake, PPRD, kwa siku 90. Hapo maoni ya mwandishi yaliingia wapi?

Njia ya Kasumbalesa: Ngojeni. Huyu juzijuzi alikuwa anauliza humu bei ya unga mpakani, akajiita mchuuzi. Leo ni mwandishi? Ametunga.

Mwana Katuba: Sijatunga. Mshahara unachelewa, mke wangu anauza unga, mimi naufuata mpakani. Waandishi wangapi wa mji huu wanakula mshahara peke yake?

Mama Kamalondo: Si ndiyo nilisema coupage?

Fundi Mitambo: Awe mchuuzi, awe mwandishi, nataka jibu moja. Mhariri anajua kuhusu huo ukatibu?

Mwana Katuba: Bado. Akijua, dawati atampa mwenzangu.

Yaya Ruashi: Mwambie kabla ya Jumatatu, uombe michezo au habari za masoko. Ukiitaka siasa kweli, ukatibu uuache kwa barua, na nakala umpe yeye.

Mwana Katuba: Kumwambia, nitamwambia. Ukatibu siachi.