Wauza vifaa Kariakoo, hizi plaizi ndogo za kukatia mnazotuuzia ni wizi wa mchana kweupe

Wakuu, leo kama ni povu acha litoke. Mods, naomba msiuunganishe huu na ule uzi wa nyaya feki. Huu ni wa plaizi ndogo za kukatia miguu ya vifaa, vile viwaya vinavyolehemewa kwenye bodi, zile za inchi tano zenye springi katikati na mpini wa bluu au mwekundu. Fundi wa sabufa, wa redio, wa inveta, wote tunazo mezani, na wengi wetu tumepigwa.

Unaingia dukani, plaizi imo ndani ya pakiti ya plastiki iliyobanwa pande zote. Unamwomba kijana aifungue uijaribu. Jibu: "Bosi, ukifungua umenunua." Ukutani juu ya kichwa chake pamebandikwa ile karatasi, MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Kwa hiyo nisijaribu kabla, na nisirudishe baada. Sasa nafanya saa ngapi? Nikiuliza ubora, ananionyesha jina lililochongwa kwenye chuma. "Orijino hiyo, soma mwenyewe." Yaani mtu aliyeshindwa kukutanisha makali mawili ameweza kuchonga jina la kampuni ya watu, na mimi nitoe elfu kumi na tano kwa sababu herufi zimekaa vizuri!

Kujaribu kwenyewe hakumalizi hata dakika mbili. Unaifumba taratibu bila kuibana, unaiinua kwenye mwanga. Makali yanatakiwa yaanze kugusana nchani. Ukiona mwanga unapenya pale nchani, hiyo rudisha kwenye pakiti. Halafu unachomoa uzi mmoja wa shaba kwenye waya wa spika, unaukata kwa ncha tupu. Nzuri inaukata bila wewe kusikia kitu mkononi. Mbovu inautafuna, uzi unabaki umejikunja katikati ya makali. Mwisho unaishika mipini na kuitikisa kushoto kulia: ikicheza kwenye pini, hata kama leo inakata, baada ya muda makali yatapishana. Basi. Hayo tu ndiyo mnatunyima.

Ya mwisho niliyouziwa imeniharibia bodi ya mteja. Sabufa, bodi ya kahawia ya upande mmoja, nabadilisha kapasita za pawa saplai. Nimeshalehemu vizuri, nakata mguu, haukatiki. Unafinyika, unakuwa bapa. Naongeza nguvu kidogo, plaizi inateleza huku imeung'ang'ania mguu, na pedi inanyanyuka, kipande cha shaba kidogo kama punje ya mchele kinaning'inia kwenye risasi ya kulehemu. Waliozoea bodi hizi wanajua: tundu halina shaba ndani, pedi inashikwa na gundi peke yake, na gundi hiyo imetoka kupigwa joto sasa hivi. Nikaunga kwa kipande cha waya mpaka kwenye njia ya shaba ya jirani. Inafanya kazi, lakini mteja alivyoona waya umepita juu ya bodi, akasema nimemharibia sabufa. Nimweleze habari za makali kutokukutana? Nimekata bei, yakaisha.

Halafu kuna hili la namba. "Bosi hiyo inakata mpaka 2.5." 2.5 ya nini? Waya wa nyumba tunauhesabu kwa milimita za mraba. Waya mzima wa 2.5, ule wa soketi, kipenyo chake ni karibu milimita 1.8. Ule wa 1.5 wa taa ni karibu 1.4. Hizi plaizi ndogo nyingi zimetengenezwa kwa shaba laini ya milimita 1 hivi. Hata Super Knips ya Knipex, kampuni ya Ujerumani, ile ya urefu wa milimita 125 ambayo bei yake inatoa machozi, wenyewe wanaandika mwisho milimita 1.6 za shaba laini. Leo wewe wa kaunta unaniambia hii ya kwako inamaliza waya wa soketi? Itakata, ndiyo, mara moja. Kesho ina pengo.

Aina ndiyo hawajui kabisa. Ya elektroniki upande wa nyuma wa makali ni bapa, unaulaza karibu na risasi na mguu unakatika bila kuacha kisiki. Ya fundi umeme imechongwa pande zote mbili, inaacha ncha, na inaupiga mguu mtikisiko wakati wa kukatika. "Ni zilezile tu hizo kaka." Si zilezile! Na kwa kuwa hii bapa makali yake ni membamba, chuma haigusi. Tena siku hizi hata miguu ya rizista za bei rahisi ni chuma iliyopakwa shaba. Chukua sumaku ya spika iliyoungua ujaribu, ila jaribu mguu uliokatwa, peke yake, maana vifuniko vya rizista huwa ni vya chuma na vitakudanganya.

Na nyie mafundi wenzangu wa "niazime mara moja", nyie nawahesabu pamoja na hao wauzaji. Unachukua plaizi yangu, unaenda kukatia waya wa breki ya bodaboda, unarudisha ina jino limetoka, unaiweka mezani kimyakimya.

Msianze pia na "Mchina anatumaliza". Uchina kuna viwanda vinatoa plaizi nzuri tu kwa bei ya kueleweka. Anayekwenda kule akachagua ya kutupwa ni mwagizaji wetu. Wengine mtasema niende Tume ya Ushindani. Sawa, ya jina la kughushi wanaishughulikia. Hii isiyo na jina lolote, ambayo makali hayakutani tu, naipeleka kwa kosa gani?

Ninachodai hakina gharama. Kila aina mnayouza, fungueni moja, ifungeni mnyororo kaunta, wekeni na kipande cha waya pembeni. Mteja akate, aone, ndipo atoe hela. Anayejua duka linalofanya hivyo Dar, Arusha au Mwanza aliweke hapa na mtaa wake. Na nyie wauzaji mliomo humu, najua mpo, jibuni hapahapa mbele ya watu. PM sifungui.