Filamu au dijitali kwa anayejifunza: ipi itangulie?

mwanga_kidogo
Wakuu, nimerithi kamera ya filamu ya 35mm, bado inafanya kazi. Nataka kujifunza kupiga picha kwa dhati. Nianze na hii au nitafute ya dijitali? Naambiwa filamu ndiyo shule.

Negativu36
Hawajakudanganya. Mkanda una picha 36 tu, kwa hiyo utafikiri kabla ya kufyatua. ISO nayo, yaani wepesi wa kuhisi mwanga, ni ya mkanda mzima: ukiweka wa 400, ni 400 mpaka uishe, uwe juani au ukumbini.

Kihisi
Shule gani ambayo majibu yanatoka ukiwa umeshasahau swali? Mpaka picha zisafishwe, nani anakumbuka kama tundu la lenzi linalopitisha mwanga lilikuwa f/2.8 (pana) au f/8 (dogo)? Faili la dijitali linajiandikia lenyewe: kasi ya shata (muda wa kuingiza mwanga), tundu, ISO, hadi saa. Ukikosea unarekebisha palepale.

mwanga_kidogo
Na ubora je? Kuna wanaosema dijitali haijaifikia filamu.

babu_lenzi
Hayo ya zamani, mjukuu wangu. Mwaka 1975 Steven Sasson wa Kodak alipounda kamera yake ya dijitali, picha ilikuwa ya pikseli 100 kwa 100, nyeusi na nyeupe, na ilichukua sekunde 23 kuandikwa kwenye kaseti. Siku hizi megapikseli 24 ni jambo la kawaida, yaani pikseli 6000 kwa 4000. Ukichapisha kwa pikseli 300 kila inchi, unapata picha ya inchi 20 kwa 13 na ushee, safi kabisa.

Tofauti iko kwenye mwanga. Negativu ya rangi, yaani mkanda wa filamu uliosafishwa, inavumilia mwanga ukizidi. Kihisi cha kamera ya dijitali, kile kinachopokea mwanga, hakina huruma hiyo: pikseli ikishajaa imejaa, mawingu yanageuka karatasi nyeupe na hakuna programu ya kuyarudisha. Gizani mambo yanageuka. Kivuli cha dijitali unaweza kukiangaza baadaye, ila negativu iliyokosa mwanga haina cha kutoa.

Negativu36
Hapo kwenye mawingu umenisemea, mzee.

Kihisi
Ndiyo maana nasema apige RAW, faili ghafi la kamera, asitegemee JPEG, faili lililokwisha kubanwa. JPEG ina biti 8 kwa kila rangi, sawa na ngazi 256 za mwanga. RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384. Jaribu kuangaza anga la jioni kwenye JPEG uone linavyokatika michirizi. Lakini kweli, kilichoungua kwa mwanga kuzidi kimeungua, hata kwenye RAW.

mwanga_kidogo
Basi natafuta dijitali iliyotumika, niwe naseti kila kitu kwa mkono. Ya urithi itafuata nikishaelewa mwanga.

babu_lenzi
Sawa. Ila siku ukiirudia, kabla ya kuweka mkanda fungua mgongo wake uguse sponji nyeusi za kingo za mlango. Zikinata kidoleni, badilisha kwanza, la sivyo mwanga unaweza kuvuja na picha zikatoka na madoa.