Mikopo ikirudi yote, ndiyo kusema maskini amenufaika?

Mtoa mada: Ukiiuliza taasisi ya mikopo midogo imemsaidiaje maskini, inakutajia kiwango cha marejesho. Napinga kipimo hicho. Kwenye mkopo wa kikundi wenzako ndio dhamana. Ukikwama wanakuja kubeba televisheni na kabati. Rejesho la wiki linaweza kutoka kwenye faida ya genge, kwenye kitanda kilichouzwa, au kwenye mkopo mwingine wa kausha damu. Kwenye daftari la afisa mikopo yote hayo ni rejesho tu.

Mtakwimu: Naunga mkono, mkuu. Hata kumlinganisha mkopaji na jirani asiyekopa kunapotosha, maana anayekopa mara nyingi alishakuwa na mtaji na wateja. Ndiyo maana Hyderabad, India, watafiti walichukua mitaa 104, nusu yake ikapangiwa kwa bahati nasibu kufunguliwa kwanza tawi la Spandana, taasisi ya mikopo midogo ya huko. Biashara ziliwekeza zaidi, lakini matumizi ya jumla ya kaya hayakupanda, wala afya, elimu ya watoto na sauti ya mwanamke nyumbani havikubadilika.

Katibu wa kikoba: Someni takwimu hizo mpaka mwisho, ndugu zangu. Mitaa yenye tawi, kaya kama 27 katika 100 zilikuwa na mkopo wa taasisi. Mitaa mingine, kaya 18 katika 100 nazo zilikuwa nao, kwa sababu taasisi shindani zilishaingia. Athari za kaya kama 9 za tofauti hiyo mmezisambaza kwa kaya 100, lazima zionekane ndogo! Tena watu walinunua zaidi vitu vya kudumu, wakapunguza tumbaku na kula nje. Mama aliyepata cherehani kwa mkupuo mmoja amenufaika, hata kama kipato bado.

Mtoa mada: Cherehani nayo ihesabiwe, sikatai. Ila pimeni hivi: kabla ya mkopo wa kwanza andikeni sakafu, paa, milo kwa siku na ada inayodaiwa. Rudieni baada ya mwaka, na anayeuliza asiwe afisa mikopo, maana nani atamwambia anayemdai kwamba ameuza mbuzi? Ulizeni rejesho la mwisho lilitoka wapi. Na watafuteni waliojitoa. Wakiachwa, wanabaki waliofanikiwa peke yao na ripoti inapendeza bure.

Katibu wa kikoba: Waliojitoa, sawa. Mwaka mmoja siukubali: anayenunua mtamba kwa mkopo, ndani ya mwaka huo analisha tu, maziwa bado.